Sanduku la Volti Kumi na Mbili

Kasese, 4 Machi 1974

Mama Marie-Louise mpenzi,

Nimefika salama. Usihangaike kwa vile nilivyoondoka bila hata kumaliza chai. Askari walikuwa na haraka, na gari la jeshi halingoji mtu.

Unakumbuka kile kisanduku nilichomfungia dereva wa basi hapo Bwera? Betri za gari kubwa zinatoa volti ishirini na nne, redio inataka kumi na mbili tu. Ukiiunganisha hivi hivi inaungua siku hiyo hiyo. Kisanduku changu kinakaa katikati na kupunguza. Basi, Kapteni wa hapa alipanda basi lile, akasikia redio inaimba toka Bwera mpaka Kasese bila kukwaruza, akauliza fundi ni nani. Anataka kila lori lake liwe na redio, dereva asisinzie. Malori ni kumi na mawili. Ni kazi ya wiki mbili.

Ninalala gereji, mahali pakavu, na chakula ninapewa. Karatasi yangu ya ukimbizi Kapteni ameiweka ofisini isipotee. Ukiniandikia, andika Kiswahili, usiandike Kinande chetu, maana Sajini Wahab anapenda kutusomea barua zetu mafundi kabla hazijatufikia.

Uchungu ukikupata sijarudi, mwite jirani yetu Biira, usione haya.

Mume wako,
Célestin

~

Bwera, 9 Aprili 1974

Baba Marie-Louise,

Wiki mbili zako zimekuwa tano.

Mutoto alizaliwa tarehe kumi na saba ya mwezi uliopita. Ni binti tena, mukubwa, masikio ni yako kabisa. Nimemwita Elise. Biira alimpokea kwa mikono yake, na bwana yake Yeseri alikuwa anakimbia na maji ya moto kama ni yeye anazaa. Mimi nilikuwa ninaita jina lako. Batu balicheka.

Sasa niambie kweli. Batu banasema fundi Célestin hajafungwa, hagonjwi, iko Kasese anatembea. Dereva wa basi alikuona umesimama mlangoni mwa gereji. Akakupungia mkono. Ukamwangalia, kisha ukageuza uso sawa mutu asiyemjua. Yule ni mutu wa kula nyumbani kwetu! Kwa nini unageuza uso?

Kama umepata mwanamke, andika. Mimi si mutoto. Tulitoka Butembo mwaka wa sitini na nne kwa miguu, milima yote ile, ukabeba sufuria zangu kichwani mbele ya wanaume benzako na hukusikia haya. Mutu yule ninamujua. Huyu wa Kasese simujui.

Kaswera

~

Kasese, 28 Aprili 1974

Mke wangu,

Nimefurahi sana kwa Elise. Hakuna mwanamke. Kazi imeongezeka kidogo tu: yale malori kumi na mawili yamekwisha, yamekuja mengine tisa. Kapteni ni mtu mwema, ananitunza kama ndugu.

Transistori zimeniishia. Tangu maduka ya Wahindi yafungwe, huku hazipatikani hata kwa dawa. Mwombe kaka yako Hilaire wa Butembo anitafutie ishirini, zile za chuma, pana kama kifuniko cha soda, zenye miguu miwili. Nikizipata nitamaliza upesi na nitarudi.

Dereva sikuweza kumpungia mkono. Nilikuwa nimeshika vitu.

Célestin

~

Kasese, 19 Mei 1974

Kaswera,

Hii imekuja na Erina, mama wa Kasenyi anayeleta samaki jikoni kwetu. Ameikunja chini ya samaki wakavu. Isome, kisha uichome. Hii Wahab hajaisoma, na wewe ukijibu, mpe Erina.

Nimefungwa. Hakuna mnyororo wala mlango wa chuma, ndiyo maana anayeniona anasema ninatembea. Ndiyo, ninatembea, toka gereji mpaka kibanda cha mlinzi, halafu ninarudi. Anayesimama kunisalimia kutoka nje anaulizwa jina lake. Wa kwanza alikuwa muuza mikate. Alisema tu, "Habari ya kazi, fundi?" Askari wawili waliondoka naye na sijamwona tena akipita, wala mikate yake. Sasa unajua kwa nini niligeuza uso. Nilikuwa ninaomba Mungu dereva apitilize.

Malori haya si ya jeshi. Yamenyang'anywa. Mawili yamepakwa rangi mlangoni, lakini jua likipiga bado unasoma majina ya wenyewe. Yanabeba kahawa ya Kapteni mpaka Mpondwe na kuvuka nayo mpaka. Kila lori nikilimaliza, lingine linaingia. Nilikuwa nikifanya haraka nikidhani ninaukaribia mlango. Kumbe nilikuwa ninaonyesha tu jinsi ninavyofaa.

Wiki iliyopita nilijipa moyo. Nikasema, "Afande, malori yamekwisha. Naomba karatasi yangu."

Akacheka. "Malori hayaishi, fundi. Ukienda wewe, nani atafunga?"

"Mtu mwingine anaweza kujifunza, Afande."

"Lete mtu anayejua, utakwenda siku hiyo hiyo. Lakini ukikimbia, nyumba yako naijua. Mlango wa buluu, sivyo? Mke na watoto wawili."

Kaswera, mimi Elise sijamwona, na yeye anajua kwamba yupo. Alisoma katika barua yako.

C.

~

Bwera, 10 Juni 1974

Baba Marie-Louise,

Nisamehe ile barua ya mwanamke. Niliandika kwa hasira na maziwa yananiuma. Sasa ninalala na hasira ya namna ingine na sijui niiweke wapi.

Hilaire ametuma transistori kumi na nane. Wahab akizichukua zitapotea, kwa hiyo Yeseri, bwana ya Biira, atakuletea mwenyewe. Iko na safari yake ya Kasese. Iko mutu mwaminifu, na unajua iko na akili ya redio. Yetu ilinyamaza ulipoondoka, akaifungua na kisu cha jikoni, ikasema tena.

Akifika, usimrudishe upesi. Mwache akae siku mbili tatu, aangalie unavyofanya. Atakusaidia.

Elise anageuka sasa mwenyewe kitandani.

Kaswera

~

Kasese, 30 Juni 1974

Kaswera,

Barua hii anayo Yeseri mwenyewe, kwa hiyo umekwisha kuona kwamba hakubaki.

Alifika Jumanne, transistori zako zikiwa ndani ya kopo la majani ya chai, na Wahab akamchukulia kipande chake cha kodi pale pale mlangoni, kama walivyoichukua karatasi yangu. Yeseri alikuwa anacheka. Akaniambia, "Kaswera alisema kuna kazi ya kudumu hapa, nikizoea nimwite na Biira." Nilikuwa nimeshika chuma cha kulehemu. Nikakiweka chini.

Nikamwuliza, "Alikuambia na namna ya kutoka?"

"Kutoka wapi?"

Hapo nikaelewa.

Sasa sikiliza na langu. Nilimfundisha. Siku nne nzima nilimfundisha kila kitu, na nilikuwa ninajua kwa nini ninamfundisha. Nilimwonyesha diodi inakaa upande gani, nikamwonyesha kwamba zile volti kumi na mbili ambazo redio haizitaki haziendi mbinguni, zinageuka joto, na kwamba transistori isipofungwa juu ya bati la aluminiamu itakufa kwa joto hilo kabla lori halijafika Kikorongo. Bati ninalikata kwenye sufuria kuukuu za jikoni. Ana mikono mizuri, mizuri kuliko yangu. Siku ya nne alitengeneza sanduku peke yake, tukawasha redio, ikaimba. Nilifurahi kama mtu aliyefunguliwa. Kisha nikaona uso wake, naye anafurahi, anataka nimsifu.

Siku ya tano Kapteni akaja. "Huyu ndiye? Anajua?"

Yeseri akafungua mdomo kujibu. Nikamkanyaga mguu. Nikasema, "Afande, huyu hajui waya mwekundu wala mweusi. Ameniharibia transistori mbili." Nikaonyesha mbili zilizokufa zamani. Kapteni akampiga kofi, akanipiga na mimi, akasema kesho asimwone hapa. Kipande chake amerudishiwa.

Niambie kitu kimoja tu. Ulijua unampeleka wapi?

Célestin

~

Bwera, 14 Julai 1974

Nilijua.

Barua yako uliniambia niichome, sikuichoma. Nilikaa nayo siku nane. Pale ulipoandika "lete mtu anayejua" nilisoma mara mingi mpaka karatasi ikachanika kwenye mukunjo. Mutu anayejua mwenye akili ya redio, ninamujua mumoja tu hapa Bwera.

Nilimwambia Yeseri kuna kazi wakati Biira ananisaidia kumwogesha Elise. Biira aliacha mutoto ndani ya maji, akanikumbatia, akasema, "Kaswera, umetukumbuka." Mashamba yao ya Karambi yanaliwa na ndugu za bwana, hawana kitu. Nikamwacha anikumbatie.

Yeseri amerudi na shavu limevimba. Amemwambia Biira kazi haikumfaa, basi. Ananisalimia sawa mbele, anauliza batoto. Hajui ni mimi. Kila asubuhi ananisalimia na mimi ninaitika.

Umefanya vizuri kumrudisha. Ninaandika hivyo kwa mukono wangu. Lakini nikilala ninajiuliza: kama Kapteni angekuja siku ya nne, si ya tano, wewe ungesema nini?

Usinijibu.

Kaswera

~

Kasese, 22 Agosti 1974

Kaswera,

Juzi Jumanne nilipita mlangoni pako.

Masanduku yanachoka njiani kwa joto, sasa Kapteni ameamuru niende na malori mpaka mpakani, niyatengeneze huko huko. Nilikaa katikati, dereva kulia, Wahab kushoto na bunduki. Tulipoteremka kuingia Bwera nilianza kuhesabu nyumba. Ulikuwa unaanika nepi. Elise alikuwa mgongoni, kichwa kinachungulia. Marie-Louise amerefuka, alikuwa anakimbiza kuku, akasimama kutazama lori kama watoto wote wanavyotazama lori. Alinitazama mimi. Nadhani jua lilikuwa kwenye kioo.

Wahab akaniuliza, "Si ndiyo nyumba yako ile?"

Nikasema, "Sijui, afande."

Dereva hakupunguza mwendo. Tangu nichukuliwe sijawahi kuwa mbali nanyi kama pale.

Sasa usome polepole. Lori halishushi kahawa Mpondwe, linavuka daraja mpaka Kasindi, upande wa Zaire. Huko ninateremka, ninafungua boneti, ninakwenda kutafuta maji, na hakuna anayenifuata. Hawana haja. Kinachonishika hakipo Kasindi. Ninyi mko Bwera, na wao wanajua mlango. Lakini siku ambayo ninyi mtakuwa Kasindi, mimi nina sababu gani ya kupanda tena lori lile?

Kila Ijumaa pia tunavuka, siku ya soko, wakati watu ni wengi darajani. Utaniambia Ijumaa gani. Usibebe kitu cha mtu anayesafiri. Usifunge nyumba. Usimwambie mtu, hata Biira. Akijua, ataulizwa, asipojua, hana cha kusema. Nimefikiri sana juu ya hilo.

Célestin

~

Bwera, 4 Septemba 1974

Ijumaa ya tarehe kumi na tatu. Nitakaa penye banauza chumvi, karibu na daraja, upande wa kule.

Ninabeba batoto na kikapu. Sufuria ninaziacha.

K.

~

Beni, 20 Oktoba 1974

Biira dada yangu,

Erina akikupa hii, ukae chini kwanza.

Tuko wazima, sisi wanne. Ile Ijumaa nilipita kwako na kikapu, ukaniuliza ninakwenda wapi mapema vile, nikasema sabuni. Ukaniambia nikuletee na wewe kipande. Nikaitika. Nilitembea mpaka mutoni na ile neno yako, kukuletea kipande.

Nilivuka katikati ya batu ba soko, hakuna aliyeniuliza. Nikakaa penye chumvi. Lori likafika saa tano, nikamwona Célestin anashuka, amekonda, shati inaning'inia. Akafungua boneti. Akachukua kopo la maji, akaanza kutembea kuja kwetu. Hakukimbia. Wahab akaita, "Fundi!" Hakugeuka. Akaita tena, "Fundi, rudi!" Nikaona Wahab ameshusha bunduki begani. Batu bote banatazama, na basoda ba huku, askari ba Zaire, banatazama, na yule hakuweza kupiga risasi sokoni kwa benyewe. Célestin akatufikia na kopo bado mukononi, maji yamemwagika yote. Elise akamuona akalia. Analia mpaka leo akimushika. Wanasema atazoea.

Huku hata jina lake halitakiwi, serikali imekataa majina ya kizungu. Ameandikishwa Kambale. Anafanya kazi kwa mutu wa pikipiki. Akisikia gari kubwa anasimama, anangoja lipite, kisha anaendelea.

Biira, kuna neno lingine. Ile kazi ya Yeseri ya Kasese. Mimi nilijua ni kifungo. Nilimpeleka ili wangu atoke. Célestin ndiye aliyemrudisha, si mimi. Nilitaka kukuambia siku mingi, kila mara ulikuwa umeshika mutoto wangu.

Niandikie kama muko wazima. Niandikie hata ukinitukana.

Kaswera

~

Bwera, 17 Novemba 1974

Kaswera,

Barua yako imefika. Erina amenisubiri niandike, samaki yake inaharibika, basi naandika haraka.

Asubuhi ya Jumamosi, kesho yake ya kuondoka kwenu, watu ya Kapteni walikuja. Walivunja mlango yenu, na haikuwa imefungwa, wakachukua redio na sufuria zako zote. Halafu Wahab akaangalia upande yetu, akamuona Yeseri. Akasema, "Huyu alikuwa kule kwa fundi." Wakamchukua na nguo ya shamba.

Wiki tatu sikujua kama ni mzima. Nilienda Kasese mara mbili, wakanifukuza. Sasa nakuambia ile yeye alinisimulia. Walimweka mbele ya meza, na waya, na transistori za kaka yako zilizobaki. Kapteni akasema, "Tengeneza." Na yeye anajua kutengeneza, wewe unajua kwamba anajua. Akaunganisha kwa makusudi volti zote ishirini na nne zipite. Redio ikatoa moshi. Wakampiga. Wakaleta redio ingine. Akaiunguza hiyo pia. Wakampiga na kitako ya bunduki kwenye mkono, ile ya kulia. Wakaleta ya tatu. Akaniambia, "Biira, hapo niliogopa sana, kwa sababu mkono ilikuwa inatetemeka, nikafikiri nitakosea na nitengeneze vizuri." Ya tatu ikaungua. Kapteni akasema fundi hakudanganya, huyu ni mjinga kweli. Wakamtupa barabarani Kikorongo. Ni Erina alimkuta pale njia panda, ameketi, watu ya basi wanamzunguka.

Vidole viwili ya kulia haikunji tena. Jembe anashika na kushoto. Meno siandiki.

Unasema kuna neno sikujua. Mimi nilijua. Siku ile alirudi na shavu imevimba, Yeseri aliniambia yote, na kwamba ni wewe ulimtuma na ulijua; alielewa pale Célestin alimuuliza habari ya kutoka. Nilichukua panga nije kwako. Alisimama mlangoni, akasema, "Wacha, ana mtoto mchanga, na bwana hayuko. Usimwambie kama tunajua, ataona haya na atakosa mtu ya kumsaidia." Basi nikaja kwako bila panga. Nikafua nepi zako. Miezi miwili nilikuwa nakuangalia kama utasema. Halafu ukapita hapa na kikapu, ukasema sabuni.

Ungeniambia tu, "Biira, kimbieni Karambi kwanza." Neno nne. Mimi ningenyamaza. Mimi nilikuwa nanyamaza tayari.

Yeseri amefurahi kwamba mko wazima. Anauliza kama Elise ameota meno. Ananiambia niandike kwamba yeye hana kinyongo, si kwako, si kwa Célestin. Nimeandika.

Mimi ninacho.

Biira